Mapaja ya Dhannun Muuza Achali

Dhannun alikuwa na magoti mabovu, mdomo mkubwa, na achali nzuri kuliko zote za Ain Tut. Navitaja vyote kwa pamoja kwa sababu sikuwahi kumwona akiacha kimoja nyumbani. Alikuwa binamu wa marehemu mume wangu, na ukuta wa ua wake ndio ukuta wa ua wangu. Yeye akichemsha siki, mimi ndiye niliyekohoa.

Nusu ya Ain Tut ni Waislamu kama sisi, nusu ni Wayazidi, wenye dini yao ya kale. Myazidi akitaka kumtahiri mwanawe hampakati mwenyewe, wala hampi mjomba. Anatafuta mwanamume wa Kiislamu anayemwamini. Huyo anampakata mtoto, ngariba anafanya kazi yake, na damu inadondokea kanzu ya aliyepakata. Kuanzia siku hiyo nyumba mbili hizo ni ndugu. Aliyepakata anaitwa kirif, na nyumba hizo huitana hivyo pande zote mbili. Kirif wako anabeba jeneza lako, anasuluhisha ugomvi wako na mkeo, na ukitafutwa na watu wabaya kwake ndiko unakojificha. Kanzu ile haifuliwi. Inakunjwa na kuwekwa.

Baba yake Dhannun alimpakata Khidir mwenye kinu cha zeituni. Dhannun naye akawapakata watoto wa Khidir, Barakat na mdogo wake. Akapakata na wengine, maana mapaja yake yalitakwa na mji mzima. Walisema mtoto akikaa pale halii. Mimi nasema hakusikika, kwa sababu Dhannun alikuwa akipiga hadithi muda wote ngariba anafanya kazi.

Wakati ule watu wa bendera nyeusi walipokuja, Khidir na watu wake walikimbilia mlimani wakaacha unga umekandwa kwenye beseni. Dhannun alibaki kwa sababu mama yake hakuweza kutembea. Alichimba shimo kwenye ghala lake, akazika sufuria za shaba za mama yake Khidir, mikufu ya wanawake wao, na zile kanzu zenye damu. Kanzu zile zingeonekana, kichwa chake kingetundikwa sokoni. Juu ya shimo akasukuma pipa la matango. Wapekuzi walipoingia walionja matango, wakasifu, wakaomba ya kwenda nayo.

Hayo ni kweli, nami nilikuwepo. Khidir aliporudi na kuona sufuria za mama yake zimeng'arishwa, alimbusu Dhannun begani wakalia wote kama watoto. Ila Dhannun hakuwa mtu wa kufanya jema akalinyamazia. Alimsimulia kila mnunuzi wa achali. Alinisimulia mimi niliyemshikia taa alipokuwa akichimba. Kila mwaka wapekuzi walizidi na shimo likazidi kina.

"Baba Fathi," nilimwambia Dhannun siku moja, "shimo hilo likiendelea hivi litatoa mafuta, na serikali italichukua."

"Kejeli tu, shemeji. Siku utakapozikwa ndipo utakaponisifu."

Kisha mwanawe Fathi, anayefanya kazi Arbil, akamletea simu ya kugusa, na ule mdomo mkubwa ukapata ukumbi. Kila Ijumaa asubuhi tulipata picha za mawaridi zenye dua, na chini yake maneno ya kuwa usiposambaza thawabu zimekupita. Alisambaza yote. Juu ya uso wa simu aliweka picha ya Saydo, mtoto wa kwanza wa Barakat, amekamata tango kubwa kama mkono wake. Zamu ya kupakatwa sasa ilikuwa ya Saydo. Mwezi wa Nisani, yaani Aprili, Wayazidi hawafanyi harusi wala shughuli, kwa hiyo ilipangwa Nisani ikiisha tu mtoto apakatwe. Dhannun alikwisha kushonesha kanzu mpya nyeupe. Niliambiwa nikipapase kitambaa chake.

"Hiki ni kizazi cha tatu," alisema. "Haji Yunis ana vizazi viwili tu."

Haji Yunis ni kirif mwenzake. Walishindana mapaja kama wengine wanavyoshindana magari.

Mwaka huo huo alikuja mwalimu Maysun kutufundisha wanawake mambo ya simu kwenye ukumbi nyuma ya shule. Mimi niliishia darasa la sita, nikadhani nitatolewa, lakini Maysun alikuwa mtu wa kueleza mpaka ukuta uelewe. Alitufundisha kumjua anayeiona picha yako. Alitufundisha ukiletewa video ya kutisha uangalie kwanza miti, vivuli na nguo za watu, ujiulize ni lini na ni wapi. Na alitusisitizia video ya kwanza, ile ya asili, usiifute kamwe, maana uongo ukizaliwa, ya kwanza ndiyo shahidi.

Dhannun alinikuta kibarazani nikifanya zoezi.

"Mnafundishwa nini huko, shemeji?"

"Kubonyeza."

"Mimi nabonyeza tangu mwaka jana bila mwalimu."

"Ndiyo maana picha ya mguu wako uliovimba ilimfikia mke wa mkuu wa polisi."

"Alinitakia nafuu, mwanamke mwenye adabu kuliko wewe."

Nikamnyang'anya simu nikamwonyesha. "Tazama. Hapa pana alama ya dunia. Maana yake dunia nzima inaona. Hapa pana alama ya watu wawili. Hao ni watu wako. Kabla hujatuma, angalia iko ipi."

"Na mimi nina nini cha kuificha dunia?" akasema, akaichukua simu yake akaenda zake.

Mkesha wa Jumatano Nyekundu, mwaka mpya wao, wanawake wa Kiyazidi wanabandika maganda ya mayai ya rangi na maua mekundu juu ya milango kwa udongo. Jua likizama wanawasha tambi za mafuta ya zeituni katika ua wa ziara yao, yaani kaburi lao takatifu, ile yenye mnara mweupe uliochongoka. Vijana wanazunguka na vijinga vya moto. Wageni hawaingii ndani ya ua. Makirif tu wanaingia, nao wanakalishwa kwenye ngazi ya juu ya mawe kama wakwe. Mwaka huo walikaa wawili, Dhannun na Haji Yunis.

Ziara yao na msikiti wetu vimetenganishwa na kichochoro. Ukikaa ngazi ya juu, moto uko mbele yako na mnara wa msikiti uko nyuma ya moto. Mafuta ya mwaka ule yalikuwa machafu, moshi ukawa mzito. Dhannun akatoa simu. Akapiga video, moto, vijana, moshi, na mnara wetu ukichungulia juu yake, na sauti yake ikisema: "Tazameni nyinyi wa Mosul mnaosema hatupatani. Moto wa ndugu zetu na mnara wetu, picha moja. Anayepiga ni mimi, Dhannun wa achali." Akaituma. Alidhani imeenda kwa dada zake na wapwa. Ilikuwa na alama ya dunia.

Ukurasa mmoja ambao hakuna anayejua ni wa nani uliichukua. Wakaikata sauti. Wakaondoa mwanzo ambapo watoto wanacheka na bibi mmoja anagawa mkate. Wakabakiza moshi, vijana wenye moto, na mnara, wakaweka kilio cha huzuni nyuma yake. Juu wakaandika kwamba Wayazidi wa Ain Tut wamechoma nyumba ya Mungu, na chini: ukinyamaza na wewe ni mmoja wao.

Jumatano adhuhuri dada yake Dhannun alipiga simu kutoka Mosul akilia. "Kaka, wameuchoma msikiti na wewe uko hapo?"

Dhannun akatoka nje kuutazama. Nilimwona kwa macho yangu. Alisimama kichochoroni bila viatu, akatazama msikiti aliotoka kuswali punde tu, kama simu ingeujua kuliko yeye. Muadhini alikuwa mlangoni anakula mbegu za alizeti.

"Umesimama," Dhannun akamwambia dada yake. "Msikiti umesimama, we mwanamke, hata kobe wa uani mwake yuko."

"Nimeona kwa macho yangu unaungua."

"Umeona wapi?"

Akatumiwa. Akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akakaa chini palepale.

Hapo ndipo angekuja kwangu. Kati ya mlango wake na wangu hata moto wa kiberiti haufi njiani. Hakuja. Aliona aibu, na aliogopa, akafanya ambalo wanaume wa kwetu wanafanya wakiona aibu na hofu pamoja: alilimaliza kimyakimya. Alikwenda kwa mtengeneza simu sokoni akamwambia, "Isafishe. Yote. Isibaki hata nukta." Yule hakuuliza, akaisafisha ikawa kama ilivyotoka kiwandani. Ukurasa wake mwenyewe aliufunga, na kila alichokuwa amekiweka kikaondoka nao.

Nilipokwenda kwake asubuhi ya Alhamisi nilimkuta anamenya vitunguu saumu.

"Ile ya kwanza iko wapi?" nikamuuliza. "Yenye sauti yako?"

"Ya kwanza gani?"

"Dhannun."

Akaendelea kumenya. "Imefutwa. Nimefuta kila kitu. Sasa hakuna wa kuniambia lolote."

"Umemfuta shahidi, baba. Mwizi umemwachia."

"Nenda kwenye masomo yako, shemeji."

Alasiri Khidir akaja. Mimi nilikuwa naanika nguo upande wangu, na ukuta wetu si mrefu. Sikuziba masikio.

"Kirif," alisema Khidir.

"Karibu kirif, karibu. Kaa, chai iko jikoni."

"Sikai. Umeiona ile video?"

"Nimeiona. Mungu awalaani."

"Imepigwa kutoka ngazi ya juu."

Nilisikia kisu cha Dhannun kikiwekwa kwenye sinia.

"Mlikaa wawili pale," Khidir akaendelea. Yeye ni mtu wa sauti ya chini, huzungumza kama anayekamua zeituni, tone moja moja. "Wewe na Haji Yunis. Haji Yunis ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka jana alimpa pole mbuzi."

"Simu za siku hizi zinavuta mbali. Mtu anaweza kupiga kutoka paani."

"Sijaja kugombana. Vijana wangu wanasema kesho baada ya swala ya Ijumaa kuna watu wanakuja kwa magari. Kama ni wewe, niambie. Tutakwenda mimi na wewe kwa mullah wa msikiti, tutasimama pamoja tuseme ni sherehe, na kirif alipiga kwa furaha yake. Watu wanakujua. Tutawahi."

"Si mimi."

"Kwa hiyo si wewe."

"Si mimi, wallahi. Chukua simu hii hapa, ipekue. Haina kitu."

Nilikuwa nimeshika shuka bichi, linanidondokea miguuni.

"Naona haina kitu," Khidir akasema. "Hata Saydo hayumo."

Nikasikia mlango. Nilipochungulia, Dhannun alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, anatazama uso wake mtupu wa buluu.

Ijumaa walikuja kweli. Siwajui, hawakuwa watu wa Ain Tut, na hilo wapelelezi wameshaniuliza mpaka wamechoka. Magari ya wazi nyuma, vijana waliojaa kama mifuko ya vitunguu, wengine wanapiga video hata kabla hawajashuka. Askari wa kizuizi cha barabarani waliinua kigogo wakawapisha. Mullah wetu alisimama mlangoni pa msikiti akaeneza mikono.

"Wanangu, huu hapa. Mzima. Ingieni mswali."

Mmoja akamwelekezea simu usoni. "Sema mwenyewe, wamekununua kwa kitu gani? Kwa pombe?"

Msikiti walikuwa wameuegemea. Mmoja wao aliweka mguu ukutani kufunga kamba ya kiatu. Kisha wakavuka kichochoro wakaenda kuwachomea watu mali kwa sababu ya msikiti ambao haujaungua.

Kinu cha Khidir kilishika moto upesi, maana mbao zake zilinywa mafuta vizazi na vizazi. Barakat alijaribu kuyatoa magunia. Walimshika wakampondea mkono wa kulia kwenye jiwe la kinu. Maganda ya mayai ya rangi yalikuwa bado yamebandikwa juu ya mlango, yakawa yanapasuka kwa joto moja baada ya jingine. Sisi wanawake tulibeba ndoo. Wanaume wetu wengine walibeba, wengine walisimama, na wawili watatu ninaowajua kwa majina walipiga video. Dhannun alikuja na fimbo yake na ndoo ya maji ya chumvi ya achali, ndiyo iliyokuwa karibu, akaimwaga motoni akianguka. Hakuna aliyemwinua. Nilimwinua mimi baadaye.

Kabla ya jua kuzama nyumba za Wayazidi zilikuwa zinafungasha. Wazee waliojua kukimbia hawakuhitaji kuelekezwa, walijua ni blanketi lipi linachukuliwa na lipi linaachwa. Walikwenda kwenye kambi nyuma ya Dohuk, palepale walipokaa mara ya kwanza walipotoka mlimani. Mama yake Khidir, bibi Khokhe, alipitishwa mbele ya mlango wa Dhannun amekalishwa juu ya magodoro. Dhannun alisimama mlangoni. Yule bibi kizee alimtazama mpaka gari likakunja kona.

Jumamosi asubuhi aligonga kwangu. Amenyoa, amevaa koti.

"Shemeji, nishikie simu."

"Ya nini?"

"Nataka kusema."

"Leo?"

"Leo. Usinipige kwa ulimi, kuna wengi watakaonipiga."

Tukaenda msikitini. Aliweka kiganja chake ukutani, akakisugua juu na chini, akakigeuza mbele ya simu. Kilikuwa cheupe kwa chokaa. "Tafuteni masizi," alisema. "Mimi ni Dhannun wa achali. Video ile niliipiga mimi. Ni sherehe ya jirani zetu, na mimi nilikaa kwenye kiti cha heshima. Nilipoulizwa nilikana. Waliochoma kinu wamechoma kwa uongo, na mimi niliufungulia uongo huo mlango." Akashusha kiganja.

"Alama ya dunia iko wapi?" akaniuliza.

Nikamfungulia ukurasa mpya, nikamwonyesha. Akaibonyeza mwenyewe.

Ile ya uongo ilikuwa imeshatazamwa na watu wengi kuliko wakaazi wa mkoa mzima. Hii ya kweli waliitazama jamaa, wanafunzi wenzangu, na wenye hamu ya kutukana. Wakaandika: umelipwa, mzee. Wakaandika: achali zako zina najisi. Wakamtukania mama yake, aliyekufa akiwa amelala kando ya lile shimo. Na vijana wa Kiyazidi walioko Ujerumani nao wakaandika, sasa ndiyo unafungua mdomo, nyinyi wote wa dini yenu ni wamoja, na wakaandika mambo kuhusu wanawake wetu ambayo siyarudii. Nilimjua mmojawao. Nilimwogesha utotoni.

Dhannun aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwa dole gumba lisilo na haraka. Njoo uone. Njoo uone, nitakupa chai. Njoo uone, mwanangu. Maji ya chumvi yakafanya ukungu kwenye mapipa yeye akibonyeza. Wanunuzi walipungua, halafu hawakuja. Dada yake wa Mosul akajitoa kwenye kundi la familia.

Nilimpeleka kwa Maysun. Tuliuripoti ule ukurasa, sisi na darasa zima. Jibu lilirudi kwamba wenye mtandao wameiangalia video na haivunji kanuni zao. Maysun alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena.

"Mzee wangu," akamwambia Dhannun, "ya kwanza ingekuwepo, yenye tarehe na sauti yako, ningekuwa na kitu cha kuweka kando ya hii. Sasa nina neno lako tu."

"Na neno langu nimeshalitumia," Dhannun akasema.

Nisani ilipoisha akaniambia tunakwenda Dohuk. Sikumuuliza nani katualika. Alichukua mtungi wa matango na mfuko wa plastiki, ndani yake ile kanzu mpya imekunjwa. Njiani nilijaribu.

"Baba Fathi, huenda wasikupe mtoto."

"Wakinipiga nitakaa. Nyumba ile imekaa mapajani petu tangu enzi za baba. Haiwezi kukaa hewani."

Kambi ilikuwa vumbi na turubai. Khidir alitukaribisha ndani ya hema kwa adabu yote, akatupa mito ya kuegemea. Barakat alikuwa kwenye kona, mkono umefungwa mpaka kiwiko. Alijibu salamu. Bibi Khokhe alinyoosha mkono akaugusa uso wa Dhannun, shavu moja, la pili.

"Umekonda," akasema.

"Matango hayaliwi siku hizi, mama."

Akaweka mfuko mbele yake. Alikuwa ameandaa hotuba, nilimsikia akiirudia tangu garini. Akafungua mdomo.

Hapo Saydo akatokea nyuma ya pazia. Amevaa kikanzu kifupi, amekikamata mbele kwa vidole viwili kisimguse, na anatembea miguu imetanuka kama bata. Kila mtu mle ndani alijua maana ya mwendo ule.

Hotuba ikaisha kabla haijaanza.

"Lini?" Dhannun akauliza.

"Juzi," Khidir akasema. "Zahanati ya kambi."

"Nani alimpakata?"

Khidir alikuwa anamimina chai. Alimaliza kumimina.

"Meza."

"Meza ya nani?"

"Meza, Baba Fathi. Ya chuma. Wakamfunga miguu kwa mikanda. Daktari alikuwa mpole."

Baba Fathi, alimwita. Tangu wakiwa wavulana hakuwahi kumwita jina lingine ila kirif. Niliona neno hilo likimwingia Dhannun kabla ya lile la meza.

"Wako Waislamu wengine hapa," Dhannun akasema polepole. "Wazuri. Ungewaomba."

"Niwaombe nini? Nianze upya na mtu nisiyemjua? Yule niliyemjua nilimuuliza mchana kweupe, nikampa na jibu." Khidir hakuinua sauti. "Simu ningeisamehe. Nani hajabonyeza vibaya. Ulikuwa na alasiri nzima, na usiku, na asubuhi. Ungesema ndiyo ni mimi, Barakat angekuwa na vidole."

Barakat akatazama pembeni.

"Nimesema sasa. Dunia nzima imenisikia."

"Nimeiona. Nimeitazama sana ile video yako." Akamsogezea bilauri. "Dunia siyo iliyokuuliza."

Bibi Khokhe akasema, "Barakat na mdogo wake uliwapakata, hilo hakuna wa kulifuta. Ukifa watakuja kukubeba. Lakini nyumba ya Saydo itaanza bila mtu."

Mtoto hakuwa na habari ya yote haya. Aliuona mtungi wa matango, akamwona mwenye matango. Akaja na mwendo wake wa bata, akageuka, akajiinua kinyumenyume akaketi kwenye paja la Dhannun kama alivyozoea, akakunja uso kwa maumivu, akabaki. Dhannun alinyanyua mikono yote miwili juu, akaiacha hewani. Hakujua aiweke wapi.

"Saydo," Khidir akaita. "Shuka, utajiumiza."

Mtoto akashuka.

Tulikunywa chai. Achali walizipokea. Ule mfuko hakuna aliyeugusa, Dhannun akaubeba tena.

Mapema wiki iliyofuata nilisikia mapipa yakisukumwa, nikachungulia ukutani. Alikuwa amerudi kazini, anachuja maji ya chumvi yaliyoingia ukungu. Kitambaa alichofunga kwenye mdomo wa pipa kilikuwa kipya, cheupe, na mkono wa kanzu ulining'inia kando, pindo lake bado lina uzi wa fundi. Alimimina ndoo, akangoja ichuje, akamimina nyingine.

Simu ililia kando yake juu ya kiti. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaisoma. Kisha akaanza kuandika, kwa lile dole gumba lake, na kutoka kwangu sikuhitaji kuona ni nini. Njoo uone.